Ndege Niliyemfuta Kitabuni

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Leo tena mtumbwi umeniacha mwaloni. Mara ya tatu! Wenzangu wanne wamepanda, mimi nimesimama kwenye matope na jile ya kuelea kifuani, kamba zote tatu nimefunga, kama bibi harusi ambaye gari limeondoka bila yeye.

Ni huyu Papa Gervais, mwenye mtumbwi. Anasema mwanamke anayenyonyesha hapandi chombo cha nyavu. "Samaki banasikia harufu ya maziwa, banahama bote." Nikamwambia, Papa, sisi hatuendi kuvua, tunaenda kuangalia ndege tu. Akasema leo ni ndege, kesho ni samaki, na mtumbwi ni uleule. Halafu ziwa lina wivu na mama wa mtoto mdogo. Wenzangu wakacheka. Mmoja akasema niyaache maziwa nyumbani, nije bila hayo!

Mwiko wenyewe naujua. Kule kwetu Baraka, Kongo, baba yangu alikuwa nao, mama hakuwahi kuruka wavu hata umelala chini. Ndiyo maana nashindwa kumjibu Papa Gervais vibaya. Lakini hasira ninayo.

Shirika la Mbarara litaleta wageni kuzunguka ziwa letu kwa mtumbwi, waonyeshwe ndege, viboko, mimea ya majini. Wanatafuta waongozaji wawili kutoka hapa kambi ya wakimbizi Nakivale. Tuko watano tunaojaribiwa. Wageni wa kwanza wanakuja Jumamosi tarehe 27, na siku hiyo majina mawili yatasomwa.

Naitaka kazi hii. Tangu tuvuke mpaka sijataka kitu hivi. Kulima mashamba ya watu nimechoka. Na kuna jambo lingine ambalo hata mume wangu Déo sijamwambia — nikiwa juu ya maji ninakuwa Orpa, sio namba ya kadi.

Élyse amelala. Miezi minane, na meno mawili ya kuniuma.

Jumatano, 10 Septemba

Nimepanda! Nimepanda!

Madamu Kembabazi, mwalimu wetu wa Mbarara, alinikuta tena kwenye matope. Akamwita Papa Gervais. "Ssebo, hii mama nakuja kila siku, wewe naacha yeye hapa kama gunia. Kwa nini?" Papa Gervais akaeleza habari za maziwa. Madamu akasema maziwa iko ndani ya mama, haiko ndani ya wavu. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwisho wakapatana hivi: mtoto abaki nchi kavu. Nisiruke wavu. Nipitie majini mpaka magotini, nipandie mbele, nikae mbele, nisigeuke nyuma kumtazama mwenye kasia.

Sawa. Kwani nimekuja kumtazama yeye?

Maji ya hapa si ya Tanganyika. Kule ulikuwa unaona jiwe chini kabisa. Hapa ni chai ya maziwa, huoni hata kiganja chako. Kwa hiyo kila kitu unasoma juu-juu. Viputo vikipanda katika mstari, kuna kiboko anatembea chini. Mafunjo yakitikisika na hakuna upepo, kuna kitu. Nimeona mdiria, mweusi na mweupe, akipiga mabawa angani fasi moja tu, hasogei, tik-tik-tik, halafu anadondoka kama jiwe na anatoka na samaki. Nimeona minandi wanne juu ya mti mkavu, mabawa wazi, kama nguo zimeanikwa. Na yule ndege mwekundu wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi bila kuzama! Nilitaka kupiga kelele. Madamu hataki kelele.

Nimerudi blauzi imelowa maziwa yote mbele. Élyse alikataa uji, alikataa kijiko, alikataa kikombe. Godeberthe, jirani yangu Murundi, alikuwa ameketi naye chini ya turubai, uji mpaka kwenye nywele. "We Orpa," anasema, "huyu mtoto wako ni jenerali."

Ijumaa, 12 Septemba

Tumeweka alama. Élyse akilia sana, Godeberthe anapunga kitenge chekundu pale mwaloni. Wazo langu mwenyewe. Wazo baya!

Leo tulikuwa tumesubiri viboko karibu saa nzima. Kimya, hakuna anayekohoa. Ndipo kiboko jike akatoka, masikio, macho, halafu mgongoni kwake mtoto, ameng'aa kama sabuni ya bluu. Kalamu zote zinaandika. Na mimi naona nini? Kitenge.

Papa Gervais akageuza mtumbwi bila neno. Wenzangu ndio walikuwa na maneno. Mmoja wao, Venuste, alisema wazi-wazi kwamba kazi hii ni ya watu wenye mikono mitupu. Nilipofika Élyse alikuwa ameshanyamaza, anacheza na kifuniko cha chupa. Anacheka! Nimemnyonyesha huku machozi yananitoka, yeye ananishika pua.

Jumatatu, 15 Septemba

Jambo zuri leo. Madamu ametazama daftari zetu zote akasema mwandiko wangu ndio unasomeka. Amenipa kitabu cha ziwa! Ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, kimeandikwa tangu mwaka jana na watu wa kwao. Safu nne: jina, tarehe, mahali, anafanya nini. Ndege, wanyama, samaki, hata majani. Hakuna kingine kama hicho. Amesema nikitunze, nikiweke sawa, kiwe safi, na Alhamisi nikipeleke ofisini kwao Mbarara.

Venuste hakunisalimu tuliporudi.

Nimekifunga na mfuko wa plastiki, nimekiweka juu ya dari ya matete ambapo Élyse hafiki na panya hawafiki.

Jumatano, 17 Septemba

Siku mbili mfululizo majini, na kitenge hakikupungwa hata mara moja. Asante Bwana Yesu.

Usiseme mtu wa darasa la sita hawezi kazi ya ofisi. Nimepanga kitabu chote. Tuliowaona nimewawekea alama. Ambao hatukuwaona nimewafuta, kwa rula na biki nyekundu, mstari mmoja ulionyooka. Saba. Fisi maji — hakuonekana. Nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo — hakuonekana. Mwari hakuna. Na yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu, aliandikwa mara nne, mara ya mwisho Juni. Tangu Juni! Nimemfuta mara zote nne.

Orodha ndivyo inavyotunzwa. Mwaka jana siku ya uhakiki wa kadi zetu Déo alikuwa Mbarara kazini, hakuweka kidole kwenye mashine, jina lake likakatwa. Miezi mingi tulikula chakula cha mtu mmoja tukiwa wawili, yeye mwenyewe yuko hapo anapumua. Sikupenda, lakini nilielewa. Kitabu ni cha waliopo.

Kesho Mbarara. Nitavaa ile sketi.

Alhamisi, 18 Septemba

Sijui niandike nini. Niandike.

Nilipanda gari Rwekubo mapema na Élyse mgongoni, kitabu kifuani. Ofisi yao ni chumba kimoja nyuma ya duka la mbao. Nilingoja. Madamu alikuwa mkutanoni. Nilingoja tena. Juu ya miti ya barabarani kaloli wamejaa, wale ndege wenye upara na mfuko shingoni, wanatazama takataka za soko kama wazee wa baraza. Nikawahesabu, kumi na saba, ili kupitisha muda. Nilikuwa na furaha. Hilo ndilo linaniuma.

Madamu akaja, akafungua kitabu. Akageuza ukurasa. Akageuza tena. Akakaa chini.

"Ruhanga wangye! Nyabo, nani alikata-kata hii kitabu?"

Mimi, Madamu. Sikuelewa hata sauti yake, nilidhani anasifu. Nikamwambia hao saba hawakuonekana, kwa hiyo nimewatoa.

"Umetoa wao kwenda wapi?"

Nikaeleza. Uhakiki, kidole, Déo. Madamu akaanza kucheka, halafu kicheko kikaisha katikati. Akasema ndege hana kadi. Ndege hapana kuja ofisi kuweka kidole. Ndege anaweza kukaa ndani ya mafunjo miezi mitatu na bado iko, na kitabu hiki ndicho ushahidi kwamba iko. Kisha akaniambia nilichokuwa sijui: wageni wa tarehe 27 wanakuja kwa ndege mmoja tu, yule wa mdomo-kiatu. Si kwa viboko, si kwa mdiria. Na mkubwa wake lazima akione kitabu kabla ya kuwapandisha wageni mtumbwini. Akikuta mistari minne myekundu atawapeleka ziwa lingine, na mambo ya Nakivale yameisha.

"Wewe naua yeye na rula," akasema. "Sasa wewe fufua. Wewe naenda ziwani, wewe naona yeye, wewe naandika upya. Jina, tarehe, mahali. Kabla ya wageni. Hapana pata? Basi, na wewe nakata jina."

Nilitoka na kitabu, nikampitia Déo kwenye karakana yake ya vitanda. Nilimwambia yote. Alicheka mpaka akashika meza ya randa. "Mke wangu, angalau huyo ndege hakukosa mahindi yake." Halafu akaona uso wangu, akaacha. Akafuta vumbi la mbao mikononi akamchukua Élyse. Akasema nikishindwa si mwisho wa dunia, mashamba ya kule Masha yanahitaji watu wa kuvuna. Alikuwa ananituliza. Nilitaka kumpiga na kitanda.

Jumamosi, 20 Septemba

Hakuna. Tumezunguka upande wa magharibi, asubuhi yote. Papa Gervais anasema huyo ndege alihama. Mafunjo, mafunjo, mafunjo. Kenge mmoja, mnene, akatuangalia na kuingia majini taratibu kama mtu asiyedaiwa.

Jumanne, 23 Septemba

Nimeomba twende mashariki, ambako kitabu kinasema alipita akiruka. Papa Gervais akasema magugu maji yamefunga njia. Kweli yamefunga, yana maua ya zambarau, mazuri na hayana faida. Nikasema tuyasukume na upondo. Akasema upondo utavunjika. Nikasema jaribu. Akasema, "Mama Élyse, huu mtumbwi ni wako ao ni wa miye?"

Nimekaa mbele, sigeuki, natazama magugu.

Halafu kitenge! Élyse ana homa kidogo, ni meno. Usiku wote amenikwaruza.

Nasikia Venuste anawaambia watu jina langu limeshatolewa. Bado! Ijumaa ipo, Jumamosi asubuhi ipo.

Ijumaa, 26 Septemba

Nimelia mbele ya watu. Aibu.

Tulikwenda mara mbili leo. Mara ya pili niliona kitu cha kijivu kirefu, kimesimama wima, hakitikisiki. Ndivyo Madamu alivyofundisha: husimama kama mti uliokufa, unaweza kumpita mara kumi. Tukasogea. Mti uliokufa.

Nilianza kulia pale pale, mgongo kwa Papa Gervais ili asione, lakini mabega yanasema. Aliacha kupiga kasia, mtumbwi ukaelea wenyewe. Baadaye akauliza, taratibu, kwani kazi hii iko na nini ndani? Nikamjibu bila kugeuka. Nikamwambia nyumbani kwetu nilikuwa najua kila ndege kwa mlio, na hapa watu wananijua kwa foleni. Kwamba nataka binti yangu akiulizwa mama yako anafanya nini, awe na jibu.

Akapiga kasia mpaka mwaloni. Niliposhuka akasema, "Kesho, kabla ya jua. Usiambie muntu."

Jumamosi, 27 Septemba

Niandike haraka. Wageni wanavalishwa majile.

Godeberthe leo ni siku yake ya chakula, alishika foleni tangu alfajiri, kwa hiyo nilifika mwaloni na Élyse mgongoni. Nilijua itakuwa vita. Papa Gervais akamtazama mtoto, akatazama maji. Akakunja wavu wake mwenyewe, akautupa nchi kavu. "Pandeni."

Hakwenda magharibi. Alikwenda moja kwa moja mashariki, kwenye magugu yaleyale, na kuna njia! Nyembamba, ya kukunja mafunjo kwa mkono, lakini ipo, na yeye anaipita kama mtu anayeingia chumbani kwake. Nikageuka. Mara ya kwanza nimegeuka. Nikamwambia, Papa, ulijua.

"Nilijua. Nilikuwa nakuzungusha makusudi."

Nilitaka kumtukana, wiki nzima ya kunizungusha, na mtoto ana homa. Lakini akaweka kidole mdomoni.

Alikuwa pale. Hatua ishirini, labda. Kijivu, mrefu hadi kifuani kwangu, kichwa kikubwa, na huo mdomo — kweli kiatu, cha mtu mzima. Jicho la njano. Alitutazama na hakufanya lolote. Élyse naye alimtazama na hakufanya lolote. Halafu akainama, akachota maji kwa mdomo, mdomo mzima, akageuka na kuyamwaga juu ya kitu chini ya miguu yake. Akachota tena. Akamwaga tena. Nikanyoosha shingo. Mtoto! Mmoja, manyoya ya kijivu ya kupeperuka, anahema kwa joto, na mama yake anamwogesha.

Sijui nilikaa muda gani. Nilikuwa nimesahau biki.

Papa Gervais akaongea kwa sauti ya chini kabisa. Mwaka juzi wavuvi walimwona ndege huyu na mtoto, wakafurahi, wakasema tu kwa midomo, pale mwaloni. Haikupita juma moja kiota kikawa tupu. Watu walikuja na gunia. Wanasema wanauzwa mbali, kwa matajiri wanaofuga. Mama alisimama fasi ile ile mpaka mvua ikaisha. Tangu hapo, yeye akiulizwa anasema amehama.

Nikamuuliza, basi kwa nini umenileta?

"Juu ya vile ulilia." Akatema mate majini. "Miye sijui kuandika. Weye ndiye mwenye biki."

Sasa niko mwaloni. Nimeketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, Élyse ananyonya, kitabu cha ziwa kiko wazi chini ya miguu yake. Nimeandika jina. Nimeandika tarehe. Anafanya nini: nimeandika anaogesha. Mahali ni wazi.

Nikiacha wazi watasema nimetunga, mtu aliyefuta bila kuona ameandika bila kuona. Na wana haki. Nikiandika mahali, ni maneno matatu tu, na mwenye gunia atafika kiotani. Wageni hawa wanne wanaonekana watu wema, mmoja amempa Élyse biskuti. Lakini kitabu hakikai na wageni wanne. Kitabu kinakaa mezani Mbarara nyuma ya duka la mbao, na mlango wazi. Nilikaa pale siku nzima, hakuna aliyeniuliza mimi ni nani.

Labda nimwambie Madamu sikioni. Labda anajua la kufanya. Labda akisikia mtoto atawaambia wageni wasubiri mpaka akue. Na mkubwa wake? Amesimama pale kwenye gari, anatazama saa. Papa Gervais anafunga wavu wake upya, hanitazami kabisa. Venuste ameshavaa jile.

Madamu amekuja. Amenyoosha mkono. "Nyabo, ulipata? Leta kitabu, watu nangoja."

Nimemwambia kidogo tu, Madamu, mtoto ananyonya. Ameona biki inatembea, ametabasamu, anafikiri naandika ndani ya kitabu cha ziwa, sio daftari hili langu. Amesema sawa, maliza polepole.

Élyse ameshiba zamani. Ananyonya kwa mchezo tu, jicho moja liko kwangu. Nikimwondoa, lazima nisimame, nitoe kitabu. Namwacha anyonye.